Kuta za Nizi kwenye Negativu

Nizi, kaskazini mwa Bunia katika wilaya ya Djugu, mkoani Ituri nchini Kongo, ni mji wa dhahabu, na historia ya miji ya dhahabu huandikwa kwa gramu. Tunajua kwamba dhahabu ya eneo la Kilo iligunduliwa mwaka 1903, kwamba kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926, na kwamba mwaka 1966 machimbo yakawa mali ya serikali. Lakini ukiuliza jiko la mfanyakazi wa machimbo lilikuwaje mwaka 1955, mlango wake ulitazama wapi, paa lake lilifungwa kwa kitu gani, hupati jibu kirahisi. Inforcongo, idara ya habari ya wakoloni ambayo picha zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, ilipenda kuonyesha nyumba za wafanyakazi zikiwa mpya, safu zimenyooka, ili wema wa mwajiri uonekane. Nyumba iliyokwisha kuongezwa kibanda kwa nyuma na kuzibwa tundu kwa bati la pipa haikufaa kwa kazi hiyo. Ninachodai ni hiki: sura ya majengo ya kawaida ya Ituri, kama imesalia mahali, imesalia katika picha za familia na za wapiga picha wa mtaani, tena nyuma ya mtu aliyesimama kupigwa picha. Anayeshika kamera ya zamani leo anaweza kufanya kwa makusudi kazi ambayo wao waliifanya bila kukusudia.

Wageni wataalamu hawakukosekana. Herbert Lang, aliyetumwa na jumba la makumbusho ya viumbe la New York, alizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo pamoja na James Chapin kuanzia mwaka 1909 hadi 1915, akaondoka na negativu zinazokaribia 10,000. Ni hazina kubwa, na heshima yake haipunguzwi na ninayoyasema. Miongoni mwa picha zake mashuhuri ni ukumbi mkubwa wa Okondo, chifu wa Wamangbetu. Miaka ya baadaye kijiji cha Ekibondo, chenye kuta zilizopambwa kwa michoro, kikawa kituo cha watalii wenye kamera. Watafiti Enid Schildkrout na Curtis Keim, katika kitabu chao cha mwaka 1990, walieleza jinsi hamu ya wageni ilivyochochea sanaa ileile waliyofuata kuitazama. Kamera iliyokuja kutafuta cha ajabu ilisaidia kukizalisha, na nyumba ya udongo isiyo na mchoro ikaachwa pembeni. Hadi leo, mtu wa mbali akitajiwa majengo ya upande huu wa Kongo, anaona ukumbi wa chifu na ukuta wa Ekibondo.

Picha za familia zilifuata njia nyingine. Jean Depara, ambaye baadaye alikuwa mpiga picha mashuhuri wa Kinshasa, alinunua kamera ndogo aina ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, na wengi waliingia katika kazi hii kwa mlango kama huo: arusi, ubatizo, nguo mpya. Mtu akitaka kupigwa picha nyumbani, husimama mbele ya ukuta wake ulio bora. Hakuna anayeutazama ukuta huo siku hiyo, lakini miaka arobaini baadaye ndio unaosema zaidi. Tazama mkanda wa rangi nyeusi uliopakwa chini, kimo cha goti: uliwekwa kwa sababu mvua hurusha matope mekundu, na unamjulisha mtazamaji kwamba mbele palikuwa na udongo mtupu, pasipo saruji. Tazama ukingo wa paa, nyasi au bati. Ikiwa ni bati, angalia kama limepigiliwa misumari au limekandamizwa kwa mawe, kwa maana mawe huweza kuwa alama ya bati linalotarajiwa kuhamishwa. Dirisha lililopunguzwa kwa matofali ya rangi nyingine nalo huonyesha kwamba mwenye nyumba alibadili mawazo, au usalama ulibadilika.

Kuna atakayesema simu inatosha, kamera ya mkanda wa filamu ya nini? Kwa wingi na wepesi simu inashinda, na anayetaka picha ya leo aitumie. Lakini simu huibwa, huvunjika, hufutwa ili kupata nafasi, na picha ya nyumba isiyo na sherehe ndiyo hufutwa kwanza. Negativu hukaa kwenye bahasha bila umeme. Kamera ya sanduku inayotumia mkanda wa namba 120 hutoa picha nane tu, kila negativu sentimita 6 kwa 9, kubwa kiasi cha kulazwa juu ya karatasi na kuchapwa bila mashine ya kukuza. Haina haraka, lakini nyumba haitikisiki. Bati linalong'aa juani na baraza lenye giza chini yake huweza kuisumbua kamera ya simu. Mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe hustahimili mwanga mwingi, hivyo mpiga picha hupima mwanga wa barazani na mara nyingi bati bado hubaki na mistari yake. Dawa za kusafishia picha kwa kawaida hutakiwa ziwe na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, na katika nyanda za juu za Ituri kuyapata maji ya kiwango hicho ni rahisi kuliko Kinshasa. Shida ya kweli ni kupata mikanda na dawa, ambavyo huagizwa kutoka mbali kwa bei kubwa. Basi picha nane zichaguliwe kwa makini.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 50,000, na tangu Desemba 2017 vijiji vya Djugu vimechomwa tena. Je, ni wakati wa kuhangaikia kuta? Mimi naona ndio wakati wenyewe. Mzozo wa Djugu una ardhi na makazi ndani yake, na aliyekimbia akirudi hukuta kiwanja kimeota majani. Ukuta wa udongo ulionyimwa paa huyeyuka kwa mvua chache. Picha ya nyumba yenye mwembe unaotambulika na kilima nyuma yake ni ushahidi kwamba hapa paliishi watu. Haimalizi kesi, lakini kesi bila ushahidi humalizwa na mwenye nguvu. Wengine wataogopa kwamba kupiga picha nyumba za kambi za wafanyakazi wa machimbo ni kuutamani ukoloni. Msanii wa picha Sammy Baloji wa Lubumbashi alijibu hofu hiyo katika mfululizo wake wa mwaka 2006 uitwao Mémoire, alipowaweka watu wa picha za zamani, wafanyakazi na mabwana wao, juu ya magofu ya machimbo ya Katanga: jengo likawa shahidi wa jasho lililolijenga. Nyumba ya kambi ya Nizi inaweza kusomwa vivyo hivyo, kwa upana wa chumba alichopewa mtu mwenye mke na watoto.

Anayeanza kazi hii ajue kwamba sheria ya nchi inakataza kupiga picha za majengo ya serikali, madaraja, viwanja vya ndege na mahali pa jeshi, na kwenye machimbo kamera huleta ugomvi upesi. Nyumba za watu hupigwa picha kwa idhini ya wenyewe, tena kwa kubisha hodi na kueleza. Pia bila maandishi negativu ni bubu: jina la mtaa, mwaka, nani alijenga, nani aliongeza jiko, na upande gani wa barabara, viandikwe kwenye bahasha siku ileile, kwa penseli, kwa sababu wino huvuja unyevunyevu ukiingia. Nakala moja iachwe kwa mwenye nyumba, nyingine iwekwe mahali pengine mbali na kijiji, Bunia au kwa ndugu aliye mji mwingine, maana nyumba ikichomwa, picha iliyomo ndani yake huungua nayo.