Maneno ya Uharibifu

Msomaji, kila lugha ina maneno ya kusifu kilichosimama, na pia ina maneno ya kusimulia kilichoharibika. Katika Kiswahili twasema kwamba chuma kimeshika kutu, samaki ameoza, nguo imechakaa, nyumba imekuwa gofu, na mji umekuwa mahame. Waingereza nao wana maneno mengi ya namna hiyo, nawe huyakuta mara kwa mara katika vitabu vyako vya masomo. Wanafunzi wengi huyakariri tu kisha wakayasahau. Walakini maneno hayo yamebeba historia, na mwenye kuyachungua atapata funzo kubwa.

Na tuanze na yale mafupi. "Rot", yaani kuoza, na "rust", yaani kutu, ni maneno ya kale sana. Waingereza walikuwa nayo kabla ya mwaka 1066, Wanormani walipovuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka nchi yao. Ni maneno ya mkulima atazamaye ghala lake na ya mhunzi atazamaye jembe. Baada ya mwaka huo watawala wa Uingereza walisema Kifaransa kwa muda mrefu, na Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, lugha ya Warumi. Kwa njia hiyo, na kwa njia ya vitabu vya wanazuoni, maneno makubwa yaliingia. "Decay" na "decadence" yametoka katika neno moja la Kilatini lenye maana ya kuanguka. "Ruin" imetoka katika neno la kuporomoka kwa kishindo. "Decline" asili yake ni kuinama au kupinda upande. Basi ghala la mkulima lilioza kwa Kiingereza, lakini jumba la mfalme likaporomoka kwa Kilatini!

Sasa, msomaji, angalia jambo moja. Katika maneno hayo makubwa, kitu huanguka chenyewe, kama embe bivu liangukavyo chini ya mwembe. Hatuoni mtu wala mkono wake. Je, ndivyo mambo yalivyo katika historia?

Tuchukue mfano wa Uingereza yenyewe. Katika jimbo la Yorkshire yako magofu mazuri ya Fountains, iliyokuwa nyumba ya watawa tangu mwaka 1132. Wageni huenda kuyatazama, wakasifu nguzo ndefu zisizo na paa. Mtu aweza kudhani kuwa mvua na miaka ndiyo iliyoibomoa. Sivyo. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa nchini mwake, akatwaa ardhi na mali zake. Fountains ilifungwa mwaka 1539. Katika nyumba nyingi kama hiyo madini ya risasi yaliyoezekea paa yalibanduliwa yakayeyushwa yauzwe, na mawe yakachukuliwa kujengea kwingine. Karibu na magofu hayo limesimama jumba la bwana mmoja, lililojengwa yapata mwaka 1600, na baadhi ya mawe yake yalitoka katika nyumba ya watawa. Mvua ilikuja baadaye, ikaikuta kazi imekwisha fanywa na watu.

Maneno hayo huficha hata muda. Mwanahistoria Edward Gibbon aliandika kitabu mashuhuri juu ya Dola ya Kirumi, kilichotolewa kwa majuzuu 6 kati ya mwaka 1776 na 1788, na katika jina lake alitia "Decline" na "Fall", yaani kuinama na kuanguka. Asikiaye jina hilo aweza kuwaza mti uliokatika kwa siku moja. Kumbe mfalme wa mwisho wa Rumi ya magharibi aliondolewa mwaka 476, na Rumi ya mashariki ikaendelea hata Waturuki walipouteka mji wa Constantinople mwaka 1453. Kuanguka huko kulichukua karibu miaka elfu.

Liko hata hivyo neno moja lisilomwachilia mtu kirahisi. Ni "dilapidation". Ndani yake mna neno la Kilatini la jiwe, na Warumi walilitumia kwa mtu atapanyaye mali yake, kana kwamba atawanya mawe huku na huku. Katika sheria za Kanisa la Uingereza, kasisi aliyekaa katika nyumba ya kanisa akaiacha ichakae alidaiwa gharama za kuitengeneza. Hata leo mpangaji nchini humo aweza kudaiwa kwa neno hilohilo anapohama. Hapa nyumba haianguki yenyewe: yuko mwenye kuulizwa.

Na Kiswahili je? Neno letu "mahame" limetokana na kuhama. Linatuambia tangu mwanzo kwamba walikuwako watu, nao wakaondoka, na kwa hiyo latulazimu tuulize kwa nini. Ukisimama katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, penye msikiti mkuu, visima na makaburi yenye nguzo, usiseme tu kwamba mji ulikufa. Wataalamu wametaja kukauka kwa visima, vita, na kuvurugika kwa biashara baada ya Wareno kuja.

Kadhalika ukisoma mahali kwamba miji ya pwani yetu "ilididimia" katika karne ya 16, kumbuka mwaka 1505. Katika mwaka huo merikebu za Wareno, chini ya Francisco de Almeida, ziliiteka Kilwa, kisha zikaishambulia Mombasa, wakaipora na kuichoma moto. Mji uliochomwa haukudidimia wenyewe.

Basi, msomaji, jifunze maneno haya yote, uyatumie vizuri katika insha zako. Lakini kila ukutanapo na dola iliyoanguka au mji ulioporomoka, uliza: nani alibandua paa, nani alichukua mawe, na nani aliuona ufa mapema akanyamaza? Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba ufa hujiziba.