Tija: kwanza useme tija ya nini

Neno tija limeenea. Kikao kikimalizika vizuri, mwenyekiti hushukuru kwa "kikao chenye tija". Kiongozi akirudi safarini, habari husema ziara yake ilikuwa na tija. Kwa matumizi hayo tija ni manufaa tu, wala hakuna ubaya, maana neno lenyewe ni la ukoo mmoja na natija, yaani matokeo, lililotufikia kutoka Kiarabu. Lakini wachumi na wahandisi wa viwanda walipolichukua liwe istilahi, walilipa kazi nyembamba zaidi. Mfanyabiashara asiyeijua kazi hiyo anakuwa na neno zuri lisilomsaidia kuamua lolote.

Katika uchumi tija ni uwiano. Juu unaandika kilichopatikana, chini unaandika kilichotumika kukipata: saa za kazi, ekari, mtaji, umeme. Waliosoma sehemu kwa Kiswahili shule ya msingi watakumbuka kiasi na asili. Ndiyo maana tija haiwezi kuwa jina jingine la uzalishaji. Mkulima aliyevuna magunia 20 ya mahindi katika ekari 2, kisha msimu uliofuata akavuna magunia 30 katika ekari 5, ameongeza uzalishaji, ila tija ya ardhi yake imeshuka kutoka magunia 10 kwa ekari hadi 6. Ufanisi nao ni kitu kingine. Huo ni sifa ya namna kazi inavyofanywa, na mtu anaweza kuifanya kwa ufanisi mkubwa kazi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Namba ya chini haisumbui sana. Saa zinahesabika, mishahara imeandikwa, bili ya umeme ipo. Ugumu uko juu. Natija ipi? Kabla swali hilo halijajibiwa hakuna tija ya kupima, na hapo ndipo lengo moja linapoingia. Kampuni yenye malengo matano yanayovutana ina namba tano za juu. Kila idara huchagua ile inayoipendezesha, na mwisho wa mwaka kila moja inatoa taarifa ya mafanikio huku kampuni nzima ikiwa imesimama palepale.

Chukua karakana ya kushona nguo wiki chache kabla ya Idi. Mkataji anahesabu vitambaa alivyokata. Mshonaji anahesabu nguo zilizopita mashineni kwake. Mwenye karakana anahesabu oda alizopokea, na kwa kuwa zinaingia na malipo ya awali, anazipokea zote. Kila hesabu inapanda, rafu zinajaa magauni yasiyo na zipu, na wateja wanarudi mara ya tatu kuulizia. Sasa mwenye karakana aseme kinachohesabiwa hapa ni kimoja: nguo iliyokamilika na kukabidhiwa kwa mwenyewe siku aliyoahidiwa. Hesabu zote zinakuwa moja. Mkataji hana tena sababu ya kukata zaidi ya kinachoweza kushonwa, na anaweza kuinuka akasaidie kutia vifungo.

Faida ya kutoanza kazi nyingi kuliko zinazoweza kukamilika ina msingi wa kihisabati. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni inayoitwa kwa jina lake hadi leo: muda wa wastani ambao kitu hukaa ndani ya mfumo ni idadi ya vilivyomo ikigawanywa kwa kasi ya kutoka. Karakana yenye nguo 40 zilizoanzwa, inayokamilisha nguo 4 kwa siku, itaiweka kila nguo siku 10 kwa wastani. Zilizoanzwa zikiwa 12, kwa mikono ileile, nguo inakaa siku 3. Cherehani hazijaongeza kasi. Kilichobadilika ni kwamba kitambaa hakilali rafuni kikiwa nusu nguo, fundi anaweza kumtajia mteja tarehe ya kweli, na muda uliokuwa ukipotea kutafuta vipande na kujibu malalamiko unarudi kwenye kazi.

Mfano mkubwa zaidi wa lengo moja tunao Kenya. Majaribio ya M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, yalianza mwaka 2005, kampuni za simu za Safaricom na Vodafone zikishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, kwa mchango wa fedha wa serikali ya Uingereza. Kusudi la awali lilikuwa kumwezesha mkopaji kurejesha mkopo kwa simu. Kazi ikawa nzito, kwa sababu mfumo ulitakiwa uoane na vitabu vya taasisi na utaratibu wa vikundi vya wakopaji. Wakati huohuo watu waliokuwa kwenye majaribio walishaanza kuutumia kwa mahitaji yao wenyewe: kulipana katika biashara, kuweka pesa kabla ya safari wasizibebe mfukoni, kuwatumia jamaa walio mbali.

Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wakiusimamia mradi kwa upande wa Vodafone, walikuwa na njia rahisi mbele yao: kuyabeba yote na kuuita mfumo wa fedha kwa kila mtu. Hawakuifuata. Huduma ilipozinduliwa nchi nzima Machi 2007, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando na tangazo lilisema jambo moja: tuma pesa nyumbani.

Kwa mteja lilikuwa tangazo. Ndani ya kampuni naona lilikuwa kipimo cha kila uamuzi. Kijana anayefanya kazi Nairobi alikuwa akituma pesa kwa basi, kwa matatu, kwa posta, au kwa ndugu anayekwenda nyumbani. Je, hiki tunachokiongeza kitazifikisha kwa urahisi zaidi? Mama kijijini hajajisajili? Basi apokee ujumbe wenye namba ya siri, akachukue pesa kwa wakala. Kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni moja. Mikopo iliyoachwa ilirudi Novemba 2012 kwa jina la M-Shwari, ikakuta mawakala wapo na wateja wameshazoea. Kuacha kwao kulikuwa kupanga zamu, na nadhani hilo ndilo gumu kuliko yote kwa wenye biashara, maana wengi wetu tunasikia kuacha kama kupoteza.

Lengo hilo moja si lazima liwe la fedha. Paul O'Neill alipochukua uongozi wa Alcoa, kampuni ya alumini ya Marekani, mwaka 1987, aliwaambia wawekezaji kwamba kipaumbele chake ni usalama wa wafanyakazi. Majeraha ya kumkosesha mtu siku ya kazi yalishuka kutoka 1.86 kwa kila wafanyakazi 100 hadi 0.2 ifikapo mwaka 2000, na faida ya mwaka ikawa mara kadhaa ya ile aliyoikuta. Sidai kwamba usalama ndio ulioleta faida yote, kwa sababu Alcoa ilinunua pia kampuni nyingine kubwa katika miaka hiyo. Lakini ili ajali iripotiwe haraka pamoja na mpango wa kuizuia isirudi, msimamizi lazima ajue mashine inaharibika kwa nini, na mfanyakazi asiogope kusema. Maarifa hayohayo hupunguza alumini inayoharibika.

Hapa inabidi kutenganisha maneno mawili, lengo na shabaha. Katika mipango ya maendeleo ya Tanzania shabaha hutajwa kwa kiwango kinachopimika, kama zile shabaha za uchumi jumla. Lengo ni kile kinachotakiwa kitokee, na shabaha ni namba inayoonyesha tumekikaribia kiasi gani. Namba ikimeza lengo, biashara inaumia. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwasukuma wafanyakazi wauze huduma nane kwa kila familia. Wafanyakazi wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, nayo ilikuwa imewafukuza watu wapatao 5,300. Shabaha ilikuwa moja na iliyo wazi kabisa. Lengo, yaani mteja anayefaidika hadi akaomba huduma ya pili, halikuwa na aliyelilinda.

Kila mwanafunzi aliyeandika pendekezo la utafiti anakijua kichwa cha "lengo kuu", na chini yake orodha ya "malengo mahususi". Mipango ya biashara imeirithi sura hiyo, na orodha ya chini ndiyo inayokula bajeti. Ningependa kuona kampuni ya usafirishaji inayoandika lengo lake kwa mstari mmoja, halafu chini yake, badala ya orodha, iandike: tija yetu ni mizigo iliyofika salama siku iliyoahidiwa, kwa kila saa ya dereva. Dereva, mhasibu na mwenye magari watakuwa wanasoma hesabu moja.