Loki moja, magonjwa manne

Mwenye Altezza akiambiwa na fundi kwamba loki ya mlango wa dereva imekufa, bado hajaambiwa ugonjwa. Huenda mlango haushiki, unarudi kila ukibamizwa. Huenda unashika vizuri ila ufunguo hauzunguki. Huenda ufunguo unafanya kazi lakini mlango hausikii rimoti. Au umejifunga ukagoma kufunguka kwa nje na kwa ndani. Magonjwa manne hayo, na gharama zake hazikaribiani: mmoja unatibika kwa grisi na bisibisi, mwingine unataka kifaa kizima. Hoja yangu ni kwamba kosa la neno loki haliko kwenye kukopwa kwake. Limekopwa vizuri, lina ngeli yake (loki hii, loki hizi), na limezaa hata kitenzi, kwani watu husema mlango umejiloki. Kosa ni kuachiwa lifanye kazi ya maneno manne, ilhali Kiswahili kina maneno ya kulisaidia tangu zamani.

Nimeichagua Altezza kwa sababu ni gari la spoti linalojulikana na ambalo sasa ni zee. Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka 1998 na kuacha kuitengeneza mwaka 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho imeshatimiza miaka ishirini. Loki zake zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi mno, kwanza Japani, kisha huku Tanzania. Mahali pa mfano nimechagua Makambako, kwa sababu pale hoja inaonekana wazi. Mji uko njia panda: barabara ya Njombe na Songea inaachana hapo na barabara kuu iendayo Tunduma, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Spea ya gari kama hili mara nyingi huagizwa Dar es Salaam kwa simu na kupandishwa basi. Jina ndilo linalotangulia, kifaa kinafuata. Ukiagiza "loki ya mbele kulia", muuzaji ana haki ya kukutumia silinda ya ufunguo, au mota, au boksi zima, na kila mara atakuwa amekusikia sawasawa.

Tuingie ndani ya mlango wenyewe. Pembeni mwake, upande unaokutana na nguzo ya bodi, kuna tundu ambamo unaonekana mdomo wa chuma ulioachama. Mlango unapofungwa, mdomo huo unakutana na pete ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo, unazunguka na kuing'ata. Sukuma mdomo huo kwa bisibisi mlango ukiwa wazi: utasikia mlio mmoja, halafu wa pili. Mlio wa kwanza ni mshiko wa tahadhari, wa pili ndio mshiko kamili. Vuta mkono wa mlango, mdomo unaachia. (Usisahau kuuachia kabla ya kubamiza mlango, la sivyo chuma kitagonga chuma.) Sehemu hii haijui habari za wezi, kazi yake ni mlango usifunguke gari likiwa kwenye mwendo. Nyuma yake kuna wenzo mdogo ambao, ukisogezwa, unakata mawasiliano kati ya mkono wa mlango na ule mdomo. Hapo unaweza kuvuta mkono hadi jioni. Wenzo huo husogezwa na ufunguo kupitia silinda, na kidole kupitia kitufe cha ndani, au na mota ndogo ya umeme iliyofichwa ndani ya boksi la plastiki.

Sasa sikiliza wenye magari wanavyolalamika. Mara nyingi malalamiko yao yana akili kuliko majina tunayowapa vifaa: mlango haushiki, ufunguo hauzunguki, mota inalia tu haivuti. Kila kitenzi kinaonyesha kifaa chake. Anayesema "mlango haufungi" ndiye pekee anayetupoteza, maana kufunga ni kuurudisha mlango na pia ni kuutia ufunguo. Kiswahili kiliwahi kutenganisha mambo hayo: kushindika ni kurudishia mlango bila kuutia komeo, kukomea ni kuuzuia usifunguliwe na mtu wa nje. Kwa hiyo napendekeza istilahi zitoke kwenye vitenzi. Ule mdomo unaong'ata uitwe kinasio, kutokana na nasa, kwa njia ile ile tuliyopata kishikio kutokana na shika. Kinasa kimeshachukuliwa na kinasa sauti. Wenzo unaozuia uitwe komeo. Silinda na mota zibaki zilivyo, kwa kuwa kila gereji inazitaja hivyo. Na loki iwe jina la boksi zima lenye vyote hivyo isipokuwa silinda, jambo ambalo kwa Altezza ni kweli kabisa, kwani kinasio, komeo na mota vimeungwa pamoja na hutolewa kwa kufungua skrubu za nyota zilizo ukingoni mwa mlango.

Kuna atakayesema komeo ni la mti, la mlango wa nyumba, na kwamba komeo la gari halizuii mlango kwa nguvu zake bali linakata mawasiliano tu. Pingamizi hili ni zito kuliko mengine, na kifundi ni sahihi. Lakini simu nayo asili yake ni waya, na leo tunaitembeza mfukoni bila waya wowote na hakuna anayelalamika. Jina hufuata kile mtumiaji anachokipata, na mwenye gari anachopata ni mlango uliokomewa. Mwingine atasema mafundi wanaelewana tayari, istilahi ni kazi ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Wanaelewana, ndiyo, wakiwa wameinama juu ya mlango mmoja na kunyoosheana vidole. Kwenye simu na kwenye risiti hakuna kidole. Ama BAKITA, kazi yake ya kusanifisha huwa nyepesi pale watu wanapokuwa wameshaanza kusema. Breki, gia na klachi ziliingia kamusini zikiwa tayari zina mafuta mikononi.

Faida ya kutenganisha inaonekana zaidi Njombe mjini, ambako baridi ya Juni na Julai ni ya kusifika nchini. Grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi la kiangazi huganda, kinasio kikawa kizito kurudi, na mlango usioshika asubuhi ukashika mchana jua likiwaka. Mwenye gari akiambiwa loki imekufa, atanunua loki. Akiambiwa kinasio kimeganda, kitasafishwa na kupakwa grisi mpya nyepesi. Kwenye silinda dawa ni tofauti: mafuta hukamata vumbi, afadhali unga mkavu wa risasi ya penseli. Mota nayo ina ugonjwa wake, vipande vya kaboni vinavyoipelekea umeme huisha, ikabaki kulia kwa unyonge. Fundi mwenye subira hulikata boksi la plastiki kwenye maungio, akabadilisha mota peke yake na kuligundisha tena. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi tatu inayodai loki nzima.

Limebaki neno sentro loki, ambalo wengi hulitaja kana kwamba kuna kufuli moja katikati ya gari. Hakuna. Kila mlango una mota yake, na zote zinasikia amri moja. Tafsiri ya neno kwa neno, kufuli ya kati, ingeongeza upotoshaji mara mbili, kwani kufuli ni kile kinachoning'inia na kuondolewa. Vitabu vya ufundi vingeweza kuandika ukomeaji wa pamoja, gereji ziendelee na sentro loki yao, mradi ikubalike kwamba imekufa pale tu milango yote inapogoma kwa pamoja. Hapo ndipo pa kutazama fyuzi, relei na swichi ya dereva. Mlango mmoja ukigoma, tatizo ni mota yake, au nyaya zilizokatika ndani ya mpira unaopita kwenye bawaba, mahali zinapokunjwa kila mlango unapofunguliwa.

Na ile pete iliyo kwenye nguzo? Hapo sihitaji kubuni chochote. Watu wa pwani wana tumbuu, pete ya chuma inayopigiliwa mlangoni ili itiwe kufuli, na sura yake ni hiyo hiyo. Tumbuu ikilegea na kushuka kidogo, kinasio hakiikuti, na mlango unafanya kila dalili ya loki mbovu ilhali loki ni nzima. Chora mstari wa penseli kuizunguka kabla ya kulegeza skrubu zake, isogeze kwa milimita moja tu, kaza, kisha funga mlango taratibu uhesabu milio miwili.