Bati Tupu na Beseni la Umeme

Bodi ya gari ya chuma kitupu ikitoka kwenye mashine ya kukunjia bati, kinga yake pekee ni utando mwembamba wa mafuta ya kiwandani. Mafuta yakifutwa, kutu haichelewi. Penye unyevu, bati lililosuguliwa likang'aa leo linaweza kuamka kesho na madoa ya hudhurungi.

Magari ya kwanza yalirithi desturi za mafundi wa magari ya farasi. Rangi ya mafuta ya kitani ilipakwa kwa brashi, ikaachwa ikauke, ikapigwa msasa, ikapakwa tena, na juu kabisa ikaja vanishi. Kazi hiyo ilikula wiki kadhaa. Henry Ford hakuwa na subira ya namna hiyo: kuanzia 1914 hadi 1925 Model T zake zilitoka nyeusi tu, kwa enameli ya bei nafuu iliyookwa kwenye tanuri. Kisha kampuni ya DuPont ikaleta Duco, rangi ya selulosi inayopulizwa na kukauka kwa saa chache, na General Motors wakaipaka kwenye magari yao ya Oakland ya 1924 kwa buluu iliyovuta macho.

Kutu, hata hivyo, hupenda kuanzia ndani: chini ya milango, ndani ya vizingiti, kwenye maungio ambako mabati mawili yamechomelewa na maji yakapata pa kukaa. Brashi haifiki huko, wala bunduki ya rangi. Na bodi zilipoanza kuundwa bila chesisi ya kando, kutu ya mahali hapo ikawa inatafuna mifupa ya gari lenyewe. Viwanda vilijaribu kuzamisha bodi katika rangi ya kawaida. Rangi ilichuruzika na kuacha matone, na mvuke wa kiyeyushi uliofungiwa ndani ya vizingiti ukaiosha rangi mbichi. Tena kiyeyushi kingi kiasi hicho kilikuwa hatari ya moto.

Jibu lilitoka Ford, kwa mkemia George Brewer, mzaliwa wa Vienna. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na wenzake walianza kutumia rangi iliyotawanywa katika maji, kisha wakapitisha umeme kati ya beseni na bodi iliyozamishwa. Chembe za rangi hukimbilia bati na kuganda juu yake. Uzuri wa kazi hii, na ndio unaostahili kukumbukwa, ni kwamba rangi ikishaganda huzuia umeme. Basi mkondo hulazimika kutafuta sehemu ambayo bado iko uchi, hatua kwa hatua, mpaka kwenye pembe ambazo mkono wa fundi hauwezi kugusa. Mwaka 1963 kiwanda cha Ford cha Wixom, Michigan, kilianza kuzamisha bodi nzima.

Palikuwa na dosari. Bodi iliunganishwa upande chanya wa umeme, na chuma kidogo kiliyeyuka kikachanganyika na rangi. Mwaka 1976 kampuni ya PPG ilileta kwenye magari rangi ya kugeuza mambo: bodi ikawa upande hasi, na kinga dhidi ya kutu ikaimarika sana. Njia hiyo ikaenea duniani. Kabla ya kuzama, bodi huoshwa na kuvikwa fosfati ya zinki ili rangi ishike. Ufundi wa fosfati una asili Uingereza, katika hataza ya Thomas Watts Coslett ya 1906.

Magari mengi ya mitumba yanayoshushwa kutoka Japani katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yalipita kwenye beseni kama hilo. Fundi wa bodi akinyoosha mlango na kuusugua hadi bati tupu, kinga ile huondoka, na gereji haina beseni la kuirudisha. Kinachoikaribia zaidi ni praima ya epoksi ya kuchanganya, ipakwe siku hiyohiyo kwenye bati safi lililokauka. Praima nyepesi ya kijivu hupitisha unyevu, na puti huunyonya. Gari likizunguka miezi kadhaa na viraka vya kijivu kando ya bahari, kutu huanza kazi chini yake, na rangi ya mwisho ikija hupakwa juu ya kidonda ambacho tayari kinavimba.