Wezi wa Maneno na Wenye Maneno

Msomaji, neno ambalo Waingereza hulitumia kwa wizi wa maandishi lina asili ya kutisha. Katika Roma ya kale, plagiarius alikuwa mwizi wa watu: aliyemteka mtu huru akamfanya mtumwa, au aliyemtorosha mtumwa wa mwenzake. Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo, mshairi Martial alimtupia jina hilo mtu aliyezisoma tungo za Martial mbele ya watu na kujidai kuwa ndiye mtungaji. Kwa Martial, tungo zilikuwa kama watumwa aliowapa uhuru, kisha akaja mtu akawatia kamba upya. Kwetu Ukambani, nchi iliyopitiwa na misafara ya pwani katika karne ya 19, mfano huo hauhitaji maelezo marefu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila achukuaye neno la mwenzake ni mwizi. Washairi wa pwani wana desturi iitwayo takhmisi. Mshairi huchukua ubeti wa mwenzake aliyemtangulia, wenye mishororo miwili, akautangulizia mishororo mitatu yake mwenyewe, hata ukawa wa mitano. Sayyid Abdallah bin Nasir, yule aliyetunga Al-Inkishafi, aliufanyia hivyo wimbo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Hakuna aliyemwita mwizi, kwa kuwa wasikilizaji walijua vema yaliyo ya Liyongo na yaliyo ya Sayyid, na utamu wenyewe ulikuwa katika kusikia sauti mbili ndani ya ubeti mmoja. Kadhalika habari za wafalme wa Pate, zilizochapishwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20, zilitoka kwa Bwana Kitini, naye alisema kwamba alizipokea kwa babu yake, Bwana Simba. Mzee yule hakupata kusoma chuo kikuu chochote, lakini alijua kwamba habari isiyo na mwenyewe haina dhamana.

Na sisi wa Ukambani tuna mfano wetu. Mwishoni mwa mwaka 1849, Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai, alifika Kitui nyumbani kwa Kivoi, Mkamba mashuhuri katika biashara ya misafara. Kivoi alimweleza habari za mlima mkubwa ambao kileleni mwake mna kitu cheupe. Tarehe 3 Desemba, mawingu yalipofunguka, Krapf akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Huko London mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, hakukubali kabisa kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini Krapf alikuwa ameandika ni lipi aliloliona na ni lipi aliloambiwa, na aliyemwambia ni nani. Kivoi aliuawa mwaka 1851, katika safari aliyofuatana na Krapf kuelekea mto Tana. Hakuacha kitabu. Lau Krapf angalijifanya kuwa ameyajua yote kwa akili yake mwenyewe, leo katika habari ile tungesoma jina la mgeni peke yake, kama tusomavyo katika vitabu vingi vya safari, ambamo waongozaji na wapagazi hupita mamia kwa mamia bila majina.

Mwaka mmoja niliwapa wanachuo wangu kazi ya kuandika juu ya safari hiyo. Insha nane zilisema kwamba Krapf aliuona mlima mwaka 1894. Tarakimu mbili zilikuwa zimepinduana. Krapf alifariki mwaka 1881, kwa hiyo alikuwa kaburini miaka 13! Sikuhitaji shahidi mwingine. Mtu mmoja aweza kukosea tarakimu. Watu wanane hawakosei tarakimu ile ile siku ile ile ila wawe wamekunywa kisima kimoja. Wachunguzi wa miswada ya kale hutumia njia hiyo hiyo kujua mswada upi umenakiliwa kutoka upi: hawatazami sana yaliyo sahihi, maana yaliyo sahihi ni ya wote, hutazama makosa.

Ziko dalili nyingine. Mwandiko huanza kwa kigugumizi, kisha katikati ya ukurasa lugha ikanyooka ghafla kama barabara ya lami, kisha mashimo yakarudi. Au mwandishi asema "kama tulivyoona katika sura ya tatu", na insha yake haina sura hata moja.

Tangu mwaka 1998, ilipoanzishwa kampuni ya Turnitin huko California, vyuo vikuu vingi vimetumia programu za kompyuta kwa kazi hii. Programu hulinganisha maandishi ya mwanafunzi na hazina kubwa ya maandishi mengine, ikatoa hesabu ya mafungu ya maneno yanayofanana. Mashine hiyo yafaa, lakini si hakimu. Haijui kama kunukuu kumefanywa kwa haki, wala haimkamati aliyeiba wazo zima akabadilisha maneno tu. Tena, tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, mwanafunzi aweza kuandikiwa insha ambayo haikupata kuwako mahali popote. Zilitengenezwa programu za kuitambua kazi ya namna hiyo, nazo hukosea. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kiliacha kuitumia ya Turnitin mwaka 2023, kwa kuogopa kuwahukumu wasio na hatia. Nami naona walifanya vema.

Lakini jambo linalonisikitisha zaidi liko hapa kwetu. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya, wengi wao wenye shahada na wasio na kazi, wamekuwa wakiketi usiku kucha Nairobi na katika miji mingine kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia kwa malipo. Mwaka 2024 ilitoka filamu juu yao, iitwayo The Shadow Scholars, iliyomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenyewe mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuwaadhibu wauzao insha kwa wanafunzi wa nchi hiyo. Fikiri, msomaji: kijana wa Kitui au Makueni asoma vitabu vya tiba au falsafa, ayaelewe, ayaandike kwa ufasaha, kisha mgeni aivae shahada. Yeye ni Kivoi asiye na Krapf wa kumtaja, na jina lake ameliuza mwenyewe kwa sababu ya njaa.

Wala tusiwalaumu vijana peke yao. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 wa kidato cha nne yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka uliofuata, ulinzi wa mtihani ulipokazwa, waliopata alama A walishuka kutoka 2,685 hadi 141. Ni nani aliyewafundisha watoto kwamba jibu ni kitu cha kununua? Na sisi walimu tuna sehemu yetu: mara nyingi tumempa alama kamili aliyeyarudia maneno ya kitabu, tukamkata alama aliyejaribu kusema kwa kinywa chake.

Kwa hiyo siku hizi sitoi tena kazi iwezayo kupatikana imekwisha pikwa. Nawauliza wanafunzi jinsi soko la Wote lilivyokuwa kabla ya Makueni kutengwa na Machakos kuwa wilaya mwaka 1992. Habari hiyo huipati kwenye duka la kompyuta. Yakubidi upande bodaboda umwendee mzee, umwamkie, uketi. Mwanafunzi huandika jina la mzee kwa idhini yake, kijiji chake na tarehe ya mazungumzo, na hunionyesha daftari aliloandikia, lenye vumbi lake na mistari iliyofutwa. Kisha husimama mbele ya wenzake akaulizwa maswali. Mwaka jana msichana mmoja aliulizwa kwa nini wazee wake wawili wanapingana juu ya mahali penye mnada wa mbuzi. Akafungua daftari na kuanza kueleza ni yupi aliyekuwa akiuza mbuzi, na ni yupi aliyekuwa akipita tu njiani.