Zeze la Ugogo Ugenini

Nchi ya Ugogo, ulimo mji mkuu wetu Dodoma, ni uwanda mkavu wa mibuyu na miiba, nchi ya mtama, uwele na ng'ombe. Wasafiri wa Ulaya waliopita huko na misafara ya karne ya 19 waliandika zaidi habari za kiu na za hongo walizotozwa na watemi. Hawakujua kwamba hapo walipolalamikia ukosefu wa maji palikuwa na kisima cha namna nyingine, nacho ni muziki.

Wagogo huimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kuitikiana, bila mwalimu wa kwaya wala maandishi. Wanaume hupiga zeze, liitwalo izeze, na marimba ya vidole, yaitwayo ilimba, ambayo tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Wanawake hupiga muheme, ngoma zilizobinywa kiunoni, ambazo hubanwa katikati ya miguu. Kila ngoma ina mahali pake: jandoni, mavunoni, harusini.

Sauti hizo zilianza kuvuka mipaka kabla ya uhuru. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alizirekodi alipozunguka Tanganyika. Lakini wakati ule ilisafiri sauti peke yake, na mwenye sauti akabaki kijijini. Tofauti hiyo si ndogo. Sauti iliyotengwa na mwenyewe haiwezi kuulizwa swali, wala haiwezi kujibu.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na katika miaka iliyofuata kikaanzishwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Miongoni mwa wasanii walioitwa Dar es Salaam alikuwamo kijana wa Kigogo, Hukwe Zawose. Baadaye, katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa mwalimu pia. Tuseme wazi basi: kabla ya kuwa msanii wa dunia, Zawose alikuwa mtumishi wa umma.

Kutoka hapo njia ilifunguka. Santuri yao iitwayo Tanzania Yetu ilitolewa London katika miaka ya 1980. Nyingine zilirekodiwa Japani. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa Chibite, neno la Kigogo lenye maana ya "twende". Zawose alifariki dunia Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 2003.

Lakini hatuna budi kujiuliza: ni nini kilichosafiri, na nini kilichobaki? Jukwaa la ugenini lina saa yake na kipimo chake. Hulipokea vizuri zeze la mtu mmoja, na wimbo wa dakika tano. Ngoma inayohitaji kijiji kizima, tangu jua kuchwa hata alfajiri, haiingii katika ndege. Tena msikilizaji wa mbali husikia utamu wa sauti, ila maneno, yaliyo shule ya watoto wetu, humpita. Kwa hiyo wale waliosifiwa zaidi nje walikuwa wanaume wenye ala za nyuzi na marimba, na wanawake wakaonekana kama waitikiaji tu. Ilikuwa mwaka 2024 ambapo wanawake wa ukoo huo, Pendo na Leah Zawose, walitoa albamu yao wenyewe, Maisha, kwa jina la Zawose Queens.

Hatusemi kwamba safari ni mbaya. Zeze halikupungukiwa kwa kusikika Tokyo. Twasema kwamba makofi ya ugenini hayatoshi kuihifadhi ngoma, maana mpiga makofi hairithi. Anayerithi ni mtoto anayekaa karibu na mpigaji. Ndiyo maana tamasha la muziki wa Wagogo, lililoanzishwa Chamwino mwaka 2009, lina uzito usiopungua ule wa ziara yoyote ya Ulaya: hapo kijiji huchezea kijiji, na wazee husahihisha.

Mwalimu anayefundisha Dodoma hahitaji kuagiza santuri kutoka London ili aonyeshe urithi huu. Na amwite bibi mwenye muheme darasani, wanafunzi waandike maneno ya nyimbo zake pamoja na maana, kisha wajifunze kupiga. Kisima kikitunzwa nyumbani, na jirani atateka.