Ziwa Moja, Milango Miwili: Biashara na Uhamiaji katika Pwani ya Rumonge



Vijana huniuliza swali hili darasani: Burundi na Tanzania zimo katika Jumuiya moja. Mbona mfanyabiashara wa Rumonge anaingia Kigoma kwa pasipoti na kutembea, nasi tunaomba kibali cha kutoka kambini? Jibu limo katika historia ya ziwa letu.

Katika karne ya 19, mawese ya Urundi na chumvi ya Uvinza vilikutana katika soko la Ujiji. Wachuuzi na wavuvi walihamia ng'ambo, wakaoa, wakakaa. Ndiyo maana Kiswahili kimeota mizizi Rumonge.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mbelgiji alichukua Urundi na Mwingereza Tanganyika. Mwaka 1921 walipatana Mbelgiji apewe sehemu zake katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo yake ipite kwa urahisi. Mkataba ulikuwa wa mizigo. Mwananchi wa kawaida hakuulizwa.

Mwaka 1972, mauaji yalipoenea kuanzia Rumonge na Nyanza-Lac, maelfu walivuka ziwa wakapokelewa Tanzania. Hawakupokelewa kwa sababu ya biashara, bali kwa sababu maisha yao yalikuwa hatarini. Tena mwaka 1996, baada ya Buyoya kutwaa madaraka, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, vikadumu hadi Januari 1999. Mlango wa bidhaa ulifungwa, lakini wakimbizi waliendelea kuingia Kigoma. Basi tuelewe: biashara ina mlango wake na hifadhi ina wake. Mmoja ukifungwa, mwingine waweza kubaki wazi.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 2010. Itifaki hiyo inamruhusu raia kuingia nchi mwanachama bila viza, kufungua biashara, na kufanya kazi zile ambazo kila nchi imeziorodhesha. Lakini Ibara ya 7 inasema mienendo ya wakimbizi itafuata mikataba ya kimataifa inayowahusu, yaani ule wa Umoja wa Mataifa wa 1951 na ule wa OAU wa 1969. Juu yake ipo Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998, inayotutaka tukae katika maeneo yaliyotengwa.

Wengine husema, "Nitachukua pasipoti ya nyumbani, nifanye biashara." Tahadhari! Kwa mkataba wa 1951, anayerudi kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza ukimbizi. Ulizeni kwanza ofisi ya ulinzi. Mfanyabiashara kibali chake kikiisha, hurudishwa kwao. Mkimbizi, mkataba unakataza kumrudisha kwenye hatari. Haki hiyo si ndogo.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: fundi cherehani na mvuvi wa Rumonge hawakuacha ujuzi wao ufukoni. Viongozi waliotutaja katika Itifaki ya soko wanaweza pia kutuwekea nafasi sokoni. Tusaidieni kulisema hilo.

Nanyi wazazi, tunzeni karatasi za familia. Mali bila daftari hupotea bila habari.